Tunawafungia wazee ndani, kisha tunashangaa wanaogopa nje

Siku hizi taasisi zinazohudumia wazee zina habari njema ya aina moja: hakuna haja ya kuja. Mtumishi wa umma aliyestaafu hapa Tanzania, ambaye miaka ya nyuma alifunga safari hadi ofisini ili aonekane kwamba bado yu hai, sasa anaweza kujihakiki kwa simu janja akiwa sebuleni kwake, kupitia PSSSF Kiganjani, programu ya simu ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Kenya nako, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 2024, mtu anaweza kujisajili kwa kubonyeza *147#. Umeme unanunuliwa kwa simu, maji yanalipiwa kwa simu, hela ya matumizi kutoka kwa mtoto aliyeko Muscat au Minneapolis inaingia kwa simu, na mahubiri ya Jumapili yanasikilizwa humohumo. Watoto wamepumua. Kauli inayosikika nyumba hadi nyumba ni hii: "Mzee, sasa tulia. Huna sababu ya kuhangaika tena."

Sina ugomvi na mambo hayo. Kumsimamisha juani tangu asubuhi mtu wa miaka 74 mwenye goti bovu ilikuwa aibu yetu sote, na ikiisha ni heri. Kinachonisumbua ni hitimisho tunalolipachika juu yake, kwamba tukimwondolea mzee sababu za kutoka tumemwondolea na wasiwasi. Naona kinyume chake ndicho kinachotokea. Hofu ndogondogo za uzeeni, za kuvuka barabara, kupanda daladala, kuingia bafuni peke yako, kupokea simu ya namba ngeni, kuamka usiku umeme ukiwa umekatika, hustawi pale mtu anapoacha kukutana na kile anachokiogopa. Familia inasema "usitoke", huduma inasema "usije", na kati ya hizo mbili mzee anabaki na kiti, televisheni na mawazo.

Tuanze na namna hofu inavyofanya kazi, maana kosa la kwanza liko hapo. Mama anatoka benki, bodaboda inampita karibu mno kiasi cha kumgusa bega. Haanguki. Siku ya pili ana shughuli mjini. Akifika getini moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, anajiambia ataenda kesho, anarudi ndani. Papo hapo moyo unatulia. Nafuu ile ndiyo inayofundisha: mwili umeelewa kwamba kurudi ndani ni dawa, na haukupata nafasi ya kuelewa kwamba barabara ingevukika. Safari nyingine hofu haisubiri getini, inaanza wakati anavaa. Baadaye inaanza usiku wa kuamkia. Kijana naye hupitia hayohayo, ila kijana ana kazi, ana ada ya mtoto, ana kodi ya nyumba. Njaa itamtoa atake asitake. Mzee aliyepangiwa kila kitu nyumbani hana kinachomtoa. Na wakati huohuo mapaja yanasinyaa, kwa sababu misuli ya mtu mzima ikikosa kazi kwa wiki chache tu inapungua, na hairudi upesi kama ya kijana. Basi hofu iliyoanza bila msingi inajijengea msingi wake yenyewe. Mama sasa kweli hana nguvu za kuvuka kwa haraka. Watoto wanaona hivyo na kusema, si tulimwambia?

Madaktari wa wazee wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1990, Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha kipimo cha maswali 10 ambacho hakimuulizi mtu kama anaogopa. Kinamuuliza anajiamini kiasi gani kwamba anaweza kuoga, kuvaa, kuinuka kitini, kuzunguka ndani ya nyumba au kufanya manunuzi madogo bila kuanguka. Huo ulikuwa werevu. Jaribu kumuuliza mzee wa kwetu mbele ya wajukuu kama anaogopa kuoga, uone utakavyojibiwa! Kilichojitokeza katika tafiti zilizofuata ni kwamba wapo wengi wanaoogopa kuanguka ilhali hawajawahi kuanguka, na kwamba hofu hiyo huwafanya wapunguze shughuli, wadhoofike, kisha waanguke kweli. Si hofu ya kuchekwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Kwa hiyo anayeogopa kuanguka anaogopa kitu kilichopo. Swali ni nini kinachomkinga. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi miongoni mwa wazee wanaoishi majumbani. Mazoezi yenyewe si ya kunyanyua vyuma. Ni kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika meza, kutembea kwa kubadilisha mwelekeo. Kwa maneno mengine, ni yaleyale mambo ambayo tunawazuia wasiyafanye.

Ugumu mwingine ni kwamba hofu ya mzee haiji na jina lake, hasa kwa wanaume. Baba aliyelea watoto saba na kusimamia msiba wa kila jirani hawezi kukuambia kwamba daladala inamtisha. Atakuambia goti linasumbua. Atakuambia leo hana shughuli ya kumpeleka mjini. Atasema benki siku hizi wana dharau, au kwamba harusi ile haina maana, watu wanapoteza hela tu. Kila sababu ikichukuliwa peke yake ni ya kweli kiasi. Zikiwa zimekaa pamoja kwa mwaka mzima, na zote zikiishia kumbakiza nyumbani, si sababu tena. Akina mama wao husema "sitaki kuwasumbua", na kwa sababu ni kauli ya upole tunaipokea kama wema, wakati mara nyingi ni hofu iliyovaa kanga ya heshima.

Sasa niwape haki yao wanaopinga, kwa sababu wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito kuliko wanavyozieleza. Wahenga hawakukosea waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyonga ikivunjika ukiwa na miaka 78, katika mji ambao kuifanyia upasuaji kunahitaji rufaa, fedha na ndugu wa kulala naye wodini, si jambo la kujaribia ushujaa. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, na palipo na pundamilia dereva huiona kama rangi tu iliyomwagika. Konda haangalii mvi. Gari linaanza kuondoka mguu mmoja ungali chini. Mtoto anayemwambia mama yake asitoke ameyaona hayo kwa macho yake, naye si mjinga wala mkatili.

Kuna na hofu ambazo ni sahihi kabisa, ambazo kuziita ugonjwa ni kumtusi mwenye nazo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa jikoni. Pwani ya Kenya, Kilifi, mvi zimegeuzwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka; wazee wengine wameyakimbia makwao na kupata hifadhi Kaya Godoma. Bibi wa namna hiyo anaposhtuka akisikia hatua za miguu usiku, usimfundishe kuvuta pumzi polepole. Mpe ulinzi, mkamate anayemtishia, mwekee hati ya shamba lake mahali salama. Hofu yake inalingana na hatari yake. Ninayoizungumzia mimi ni ile iliyoipita hatari: mama anayeogopa kwenda duka la pili mtaani kwao, ambako amenunua sukari kwa miaka 30, na ambako hakuna kilichobadilika ila yeye mwenyewe kuacha kwenda.

Hoja ya foleni nayo ina pande mbili. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, kila mkaazi aliyefika miaka 70 akaanza kulipwa Sh20,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi Sh50,000, na malipo yalianza kwa kutolewa mkononi kwenye vituo vya karibu na watu. Foleni ni mateso, sibishi. Lakini siku ya malipo ilikuwa pia siku ya kuvaa vizuri, kuulizana hali, kujua nani kaumwa na nani kaoza binti. Nani atatueleza ni ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa na faida zaidi kwa moyo wa bibi wa Makunduchi, fedha au safari ya kuzifuata? Kuziweka hela kwenye simu kunaondoa jua na kunaondoa na watu. Anayepanga mfumo anaona la kwanza tu kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye malalamiko.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi, ni kwamba mambo ya wasiwasi ni ya Wazungu. Wazee wetu wa zamani hawakuwa nayo, na anayeyapata leo ana imani haba. Wa zamani gani hao? Babu wa kijijini aliamka alfajiri akaenda shambani, akarudi, akaitwa kusuluhisha kesi ya mbuzi, jioni akacheza bao. Hakuwa jasiri kuliko baba yako aliyeko Tabata. Alikuwa na shughuli, na hakuwa na geti. Tena waliofika umri huo walikuwa wachache. Leo Mtanzania anayefikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini, ana kwa wastani zaidi ya miaka 15 mbele yake, na wengi wataipitia mjini, katika nyumba iliyozungushiwa ukuta, wajukuu wakiwa shule za bweni. Kuhusu imani, sala na dua zinatuliza, hilo kila aliyewahi kukesha na mgonjwa analijua. Ila kumwambia mama anayetetemeka kwamba imani yake haitoshi ni kumwongezea hofu ya Mungu kukasirika juu ya hofu ya barabara. Na watu haohao wanaosema hivyo ndio wanaomshauri asali nyumbani. Msikiti na jumuiya ndogondogo ni miongoni mwa mambo machache yaliyobaki yanayomtoa mzee mlangoni kwa hiari yake, kwa saa maalumu, akikutana na watu wanaomjua kwa jina. Ukimwekea kiti cha kuswalia na mkono wa kumshika kwenye ngazi umemsaidia kuliko kumletea redio.

Nitaje mfano mmoja tu wa karibu. Shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, anaishi Ngamiani, Tanga, na kwa miaka yote alikwenda mwenyewe soko la Mgandini. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye maganda pembeni mwa soko, akajichubua kiganja, basi. Hakwenda tena. Dada wa kazi akawa anakwenda yeye. Baadaye shangazi akaacha na hitma za majirani, kisha ikawa hata kukaa kibarazani kunamkera kwa sababu ya watoto na baiskeli zao. Kila mtu aliona anazeeka tu. Aliyemtoa si daktari wala sisi, ni samaki. Dada alileta changu ambaye macho yameshaingia ndani, shangazi akamfunua mashavu akayakuta meusi, akasema kwa ghadhabu, "Mwanangu, huyu ni wa juzi! Umelipa hela kwa huyu?" Jioni ile akatangaza kwamba samaki wake atamchagua mwenyewe. Alianza kwa kufika kona tu, kwa mama anayekaanga. Dada alitembea ubavuni mwake akibeba kikapu, siku za mbele akawa anabaki nyuma hatua chache, na fimbo ambayo shangazi aliikataa kwa kuiona ya wazee ikatolewa uvunguni. Moyo ulimwenda mbio njiani. Alichofanya, na nadhani hapa ndipo palipokuwa na siri yote, ni kusimama kwenye kivuli cha duka mpaka utulie, halafu akaendelea mbele badala ya kurudi. Hakuna aliyemfundisha. Wanasaikolojia wanaotibu hofu hufanya hivyohivyo: hatua moja ndogo inayotisha kidogo, irudiwe hadi isitishe, kisha inayofuata, na usiondoke mahali pale hofu ikiwa bado juu.

Kabla ya kuanza hatua hizo, aende apimwe. Si kila moyo unaokwenda mbio ni hofu. Sukari ikishuka kwa mtu anayetumia dawa za kisukari atatetemeka na kutoka jasho vilevile. Upungufu wa damu, tezi ya shingo na matatizo ya moyo yenyewe huja na sura hiyohiyo. Dawa za presha zinaweza kumletea kizunguzungu akiinuka ghafla, ndiyo maana anashauriwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Hospitalini pana tangazo la "Mzee kwanza, mpishe apate huduma kwa haraka", na ni jambo jema, ila kufika haraka kwa daktari hakumaanishi kuulizwa kuhusu hofu. Ataulizwa presha, ataulizwa usingizi, na akisema hapati usingizi huenda akatoka na vidonge. Kinachoogofya zaidi ni vile vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti. Diazepam na ndugu zake hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu kuliko mwilini mwa kijana, humfanya alegee na kuyumba, na huongeza uwezekano wa kuanguka, hasa anapoamka usiku kwenda haja. Mtu anakunywa dawa ya kutuliza hofu ya kuanguka, na dawa ndiyo inayomwangusha. Taa ndogo ya chaji karibu na kitanda, kitambaa cha mpira kwenye sakafu ya bafu, na kigoda cha kukalia wakati wa kuoga vina kazi kubwa kuliko kidonge kile. Marumaru zinazoteleza tumeziweka wenyewe kwa kupenda nyumba zing'ae.

Wanaodhani kwamba tiba ya haya inahitaji wataalamu ambao hatuna waitazame Harare, Zimbabwe. Huko, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare kuwafundisha wanawake watu wazima, mabibi wa mtaani, kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kuanza nayo. Matokeo ya jaribio lao la watu 573 yalichapishwa Desemba 2016, na waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo ulikwishafika hadi Zanzibar. Wanaoutaja hapa kwetu huutaja kama ushahidi kwamba afya ya akili inaweza kutolewa kwa bei nafuu. Mimi huwa naona kitu kingine: wengi wa waliotibiwa walikuwa vijana kuliko bibi aliyewatibu. Mwenye umri mkubwa pale hakuwa mzigo wa mtu. Alikuwa na saa ya kufika, mahali pa kukaa, na mtu anayemsubiri. Sisi tunaye mwenyekiti wa baraza la wazee katika kata, ambaye huitwa akija mgeni wa kitaifa, akapigwa picha, akapewa soda.

Ipo hofu moja mpya ambayo wazee wa zamani kweli hawakuwa nayo, nayo ni simu. Chombo tulichowapa ili watulie ndicho kinachowatia tumbo joto. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeshakuwa utani kwa vijana, lakini kwa mzee ambaye kweli alikuwa anadaiwa na fundi, si utani. Ya kutisha zaidi ni sauti inayosema ni mwalimu, mtoto ameanguka shuleni, tuma fedha haraka daktari anasubiri. Familia nyingi mzee akishatapeliwa mara moja humnyang'anya simu kwa upole: laini inahamia kwa binti, pensheni inapitia kwa binti, na mzee anarudi kuomba hela yake mwenyewe. Hapo tumemlinda na tapeli kwa kumfanya mtoto mdogo, na bado simu ikilia anashtuka. Kinachofaa ni mazoezi, kama yale ya barabara. Mjukuu ajifanye tapeli, ampigie bibi kutoka chumba cha pili, ampe hadithi zote, wacheke, warudie kesho, mpaka kukataa na kukata simu kuwe kwepesi mdomoni na kidoleni. Bibi wa hapa Tanzania ajue kwamba mtandao wa simu humpigia mteja kwa namba 100, kwamba namba ya siri haitajwi kwa yeyote hata kwa mtoto, kwamba ujumbe wa kitapeli unatumwa 15040. Na ajue jambo moja kubwa: akiambiwa mtoto kaumia, akate, kisha ampigie mwenyewe kwa namba aliyonayo. Mzee anayejua la kufanya hashtuki sana, hata matapeli wakizidi.

Kama haya yana ukweli, yapo mambo yanayofuata, na mengine yanagharimu. Familia iache kuhesabu usalama wa mzee kwa idadi ya safari alizookolewa. Mtoto aliyeko ng'ambo anayemlipa msaidizi wa nyumbani amweleze kazi upya: asimwendee mama sokoni, aende naye. Ni polepole, itachukua asubuhi nzima, na msaidizi atalalamika kwamba vyombo havijaoshwa. Basi mshahara uongezwe au vyombo visubiri. Ikiwa mzee ataanguka siku moja, na inawezekana, ndugu wasimgeuzie kibao aliyekuwa naye, kwa sababu lawama hiyo ndiyo inayowafanya wasaidizi wote wawafungie wazee ndani. Halmashauri zinazojenga vituo vya mabasi na masoko mapya ziweke mabenchi yenye kivuli kila umbali ambao mtu wa miaka 75 anaweza kutembea kabla ya kutaka kukaa, jambo ambalo mchoraji ramani kijana halioni hadi amtembeze mama yake.

Mifuko ya pensheni na mamlaka za bima nazo, zikihamia kwenye simu, zisifunge madirisha. Hoja ya kawaida ya kuyaacha wazi ni kwamba wapo wazee wasio na simu janja, na hoja hiyo itakwisha siku moja kwa sababu wastaafu wa kesho wamezeekea na simu mkononi. Wapo wanaojua simu vizuri na bado wanataka kuja: wavae, wapande gari, waonekane, waulizwe hali na karani anayewajua, warudi na stori ya njiani. Kwa hao kujihakiki ni kisingizio tu cha kutoka, na kisingizio hicho kinaweza kulindwa kwa dirisha moja kila wilaya, siku mbili kwa wiki, lenye viti na karani asiyewaambia kwamba wangeweza kubaki nyumbani.